Mtoto Aliyepimwa Kabla ya Kuulizwa

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilianza kuzilipa shule za watoto wa wafanyakazi na maskini kwa kadiri watoto wenyewe walivyofaulu. Kila mwaka mkaguzi alifika shuleni, watoto wakapangwa kwa madaraja, akawaita wasome kifungu, waandike imla na wafanye hesabu. Mtoto aliyevuka umri wa miaka sita aliweza kuiletea shule shilingi 8 kwa mtihani huo, na kila somo aliloshindwa kati ya hayo matatu liliikatia shule shilingi 2 na peni 8. Kipato cha mwalimu kilitegemea fungu hilo, kwa hiyo hata mwalimu mwenye huruma alijua kwamba mtoto asiyeweza kusoma ni hasara. Wengi walikaririshwa kitabu kizima ili mkaguzi akifungua ukurasa wowote, mdomo uende wenyewe. Utaratibu huo ulidumu hadi miaka ya 1890, na katikati yake zikapitishwa sheria mbili zilizobadilisha sura ya darasa: ya 1870, iliyosambaza shule za msingi England na Wales, na ya 1880, iliyowalazimu watoto kuhudhuria. Sasa watoto wa kila aina waliketishwa kwenye madawati, wakapewa kitabu kimoja na kutakiwa wafike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Haikupita hata robo karne, madaktari wakaanza kuandika kuhusu mtoto mwenye akili timamu asiyeweza kusoma, na kuhusu mwingine asiyeweza kutulia.

Sisemi kwamba shule ndiyo iliyoyaumba matatizo hayo. Watoto wasiotulia walikuwapo kabla ya kengele ya shule: daktari Alexander Crichton aliandika juu ya maradhi ya umakini mwaka 1798, na Heinrich Hoffmann wa Frankfurt alimchorea mwanawe kitabu kilichotoka mwaka 1845, na katika toleo lake la baadaye yumo mvulana anayejitingisha mezani mpaka anaangusha chakula cha wazazi. Ninachosema ni kwamba shule ndiyo iliyolipanga swali. Kwa zaidi ya miaka 100 swali lililoulizwa kuhusu watoto hawa lilikuwa moja: watafaulu au hawatafaulu? Likaulizwa kwa mwalimu, kisha kwa daktari, baadaye kwa mzazi. Mtoto mwenyewe, ambaye ndiye anayeamka asubuhi na kwenda kukutana na kitabu hicho, aliulizwa mwisho kabisa. Alipoulizwa, majibu yake yalionyesha kwamba tulikuwa tukitazama sehemu ndogo tu ya maisha yake.

Novemba 1896 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha taarifa fupi ya W. Pringle Morgan, daktari wa mji wa Seaford kusini mwa nchi hiyo. Alieleza habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu, mwepesi katika michezo, aliyekuwa amefundishwa kusoma tangu utotoni kwa juhudi zote na bado akishindwa na maneno ya kawaida. Jina lake mwenyewe aliliandika herufi zikiwa zimepishana, asitambue kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Tarakimu hazikumpa taabu. Hesabu alizipenda, hata aljebra aliimudu. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka kadhaa alisema kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Naye mvulana alimwambia daktari kwamba maneno yaliyoandikwa au kuchapishwa hayana maana kwake. Tazama jinsi taarifa hiyo fupi ilivyobeba kila kitu: kipaji, kikwazo, dawa iliyo mkononi mwa mwalimu, na kauli ya mwenye tatizo. Lakini kilichochukuliwa na sayansi kilikuwa kikwazo peke yake. James Hinshelwood, daktari wa macho wa Glasgow, aliendeleza utafiti wa hali hiyo, iliyoitwa upofu wa maneno, hadi kitabu chake cha 1917, akitafuta sehemu ya ubongo iliyokosa kukua. Kazi yake ilikuwa ya heshima na iliwaondolea watoto wengi tuhuma ya uvivu. Hata hivyo, mtu akitaka kujua mvulana wa Seaford aliishije baada ya kutoka mbele ya daktari, kama alikuwa na marafiki, kama alikuwa akilala usingizi usiku wa kuamkia shule, hakuna aliyeandika.

Paris ilikwenda njia nyingine ikafika mahali palepale. Mwaka 1904 serikali iliunda tume ya kushughulikia watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao, na mwaka uliofuata Alfred Binet na Théodore Simon wakatoa kipimo chao cha akili. Nia ya Binet ilikuwa njema: alitaka mtoto asifukuzwe darasani kwa chuki au uvivu wa mwalimu tu. Mwaka 1909 aliandika waziwazi kuwapinga waliosema akili ya mtu haiwezi kuongezeka. Alifariki mwaka 1911, na kipimo chake kikavuka bahari. Huko Marekani kiligeuzwa kuwa muhuri wa maisha, tena muhuri uliogongwa zaidi kwenye vipaji vya nyuso za watoto weusi na wa wahamiaji. Ilichukua mpaka mwaka 1979 kwa mahakama ya shirikisho huko California, katika kesi ya Larry P. dhidi ya Riles, kukataza vipimo hivyo kutumika kuwapeleka watoto weusi katika madarasa ya wenye upungufu wa akili. Kipimo kilichotungwa ili kumlinda mtoto dhidi ya maoni ya mwalimu kiliishia kumnyima mtoto haki ya kuwa na maoni yake.

Kwa watoto wasiotulia mambo yalianza na lawama. George Still, daktari wa watoto wa London, alitoa mihadhara mitatu Machi 1902 kuhusu watoto wenye akili ya kawaida wasioweza kujizuia, wanaolipuka kwa hasira na wasioweza kushikilia jambo. Aliona kuna ugonjwa ndani yake, ila jina alilolichagua lilihusu maadili: aliiita kasoro ya kujitawala kimaadili. Kisha, kuanzia 1917, ukaja ugonjwa wa uvimbe wa ubongo ulioenea duniani kwa takriban miaka 10. Watoto waliopona walirudi nyumbani wakiwa wengine: hawalali, hawatulii, wanagombana na kila mtu. Familia zilizowajua kabla ya homa zilijua kwamba huo si utundu wala malezi mabaya. Familia moja ya Rhode Island, Marekani, iliyokuwa na binti aliyeathiriwa na ugonjwa wa aina hiyo, iliacha mali yake ijenge hospitali ya watoto. Ilifunguliwa mwaka 1931, na humo ndimo Charles Bradley, wa ukoo huohuo, alipofanya kazi iliyobadilisha kila kitu.

Bradley hakuwa akitafuta dawa ya umakini. Watoto waliopigwa picha za ubongo kwa njia ya siku zile, ya kutoa maji ya uti wa mgongo na kuingiza hewa, walipata maumivu makali ya kichwa, naye akawapa dawa ya kuchangamsha iitwayo Benzedrine akidhani itasaidia maji hayo yarudi haraka. Maumivu hayakupungua sana. Walimu wa shule ya hospitali ndio waliokuja na habari: watoto walikuwa wakifanya kazi zao kwa bidii isiyo ya kawaida. Mwaka 1937 alichapisha matokeo ya watoto 30, ambao karibu nusu yao walipiga hatua kubwa katika masomo ndani ya wiki moja ya kumeza dawa. Watoto wenyewe walivibatiza vidonge hivyo vidonge vya hesabu. Jina hilo hutajwa mara nyingi katika historia za tiba kama kichekesho kidogo, nami naliona kuwa ushahidi. Watoto walikuwa wakieleza badiliko kwa kipimo walichojua kwamba wakubwa wanakijali. Katika hospitali iliyowaweka mbali na mama na baba zao kwa miezi mingi, kilichopewa jina ni somo lililokuwa likisahihishwa.

Kazi ya Bradley ililala kwa miaka karibu 20 kabla ya kuamshwa na dawa mpya, Ritalin, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944 na Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba ya Uswisi. Kuanzia hapo sauti iliyosikika zaidi ikawa ya mzazi, na hilo lilikuwa jambo jema. Aprili 1963 wazazi kutoka sehemu mbalimbali za Marekani walikutana Chicago, na Samuel Kirk akawapa istilahi ya ulemavu wa kujifunza iliyowaunganisha wale waliokuwa wakihangaika kila mmoja na jina lake. Msukumo wa wazazi hao na wengine uliizaa sheria ya 1975 iliyozilazimu shule za umma kumpokea kila mtoto mwenye ulemavu. Bunge lililoipitisha lilitamka ndani ya sheria yenyewe kwamba watoto milioni 1 walikuwa wamefungiwa nje ya shule za umma kabisa. Anayebeza majina na vipimo akumbuke idadi hiyo. Bila jina hakuna sheria, na bila sheria mtoto hubaki kwenye ngazi ya nyumba akiwatazama wenzake wakipita na mikoba.

Lakini mzazi na mwalimu huona kile kinachowasumbua. Mwaka 1990 Sally Shaywitz na wenzake walichapisha utafiti wa Connecticut uliowapima watoto wote wa kundi lao, badala ya kungoja shule iwapeleke. Wasichana wenye tatizo la kusoma walikaribiana kwa idadi na wavulana. Katika orodha ya shule, wavulana walikuwa wengi mno kuliko wasichana. Msichana aliyekaa kimya nyuma ya darasa huku maneno yakimponyoka hakumuudhi mtu, kwa hiyo hakuwa na tatizo. Ndivyo pia ilivyokuwa kwa tiba: ilipimwa kwa dalili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1999 uliwafuatilia kwa miezi 14 watoto 579 wenye ADHD, jina la leo la tatizo la kutotulia na kukosa umakini, na ukaonyesha kwamba dawa iliyosimamiwa kwa uangalifu iliwapunguzia dalili kuliko tiba ya tabia peke yake. Kufikia mwaka wa tatu, makundi yaliyoanza na tiba tofauti yalikuwa yamelingana. Watu waligombana sana juu ya matokeo hayo, wengine wakiyatumia kuwatia hatiani wazazi wanaowapa watoto dawa, jambo ambalo ni dhuluma, kwa sababu mwaka mmoja wa utulivu darasani ni mwaka mzima katika maisha ya mtoto wa miaka minane. Mimi najifunza jambo jingine: dalili zilizopimwa kwa makini namna ile hazitoshi kutuambia mtoto anaishije.

Swali la anaishije lilitoka wodi nyingine. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, ilikwisha kuieleza afya kuwa ustawi wa mwili, akili na jamii, lakini kwa watoto maneno hayo yalikaa karatasini kwa miongo mingi. Waliolazimisha yatendeke ni madaktari wa saratani. Watoto waliokuwa wakifa walianza kupona, na swali la kama amepona halikutosha tena. James Varni, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na watoto hao na wenye maumivu ya kudumu, alitengeneza dodoso lililotangazwa mwaka 1999. Toleo lake la baadaye lina maswali 23: manane ya mwili, matano ya hisia, matano ya wenzake, matano ya shule. Linamuuliza mtoto kama ni vigumu kwake kukimbia, kama anaogopa, kama ana taabu ya kulala, kama wenzake wanamtania. Mtoto wa miaka mitano hadi saba husomewa swali kwa sauti, akajibu kwa kuonyesha mojawapo ya sura tatu zilizochorwa, kuanzia inayotabasamu. Barani Ulaya, nchi 13 zilishirikiana kuanzia mwaka 2001 kutengeneza dodoso jingine, KIDSCREEN, kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 18, na walioanza kulitunga waliketi kwanza na watoto kuwasikiliza ni mambo gani yanayofanya maisha yao kuwa mazuri au mabaya. Nyuma ya juhudi hiyo kulikuwa na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao kifungu chake cha 12 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Madodoso hayo yalipowafikia watoto wenye ADHD, picha iliyojitokeza ilirudiwa nchi hadi nchi. Mwili wao haukuwa na shida kubwa. Kilichoumia ni moyo, urafiki, shule na maisha ya nyumbani, na wazazi wao walieleza mzigo ulioikandamiza familia nzima. Tena tofauti ilikuwa thabiti: wazazi waliyaona maisha ya mtoto kuwa mabaya zaidi kuliko mtoto mwenyewe alivyoyaona. Hapo ndipo wenye shaka waliposimama, nao wana hoja nzito. Utafiti wa Betsy Hoza na wengine umeonyesha kwamba watoto wengi wenye ADHD hujikadiria juu ya uwezo wao, hasa pale walipo dhaifu zaidi: anayeshindwa masomo hujiona yuko sawa katika masomo, anayegombana na wenzake hujiona anapendwa. Basi ushahidi wao una uzito gani? Anayesema niko vizuri huku darasa zima likimkimbia atatuambia nini?

Jibu langu ni kwamba hoja hiyo inachanganya uwezo na uchungu. Mtoto anaweza kukosea kuhusu uwezo wake wa kuhesabu. Hawezi kukosea kwa namna ileile kuhusu kama jana usiku aliogopa. Na huko kujikweza kwenyewe kuna habari ndani yake, kwa kuwa watafiti haohao waliona kwamba kunapungua kwa watoto wenye sonona. Mtoto aliyeacha kujikweza hajawa mkweli zaidi tu, amevunjika moyo, na mwalimu au daktari angependa kulijua hilo mapema. Upande wa pili nao una kivuli chake. Mzazi mwenye sonona huelekea kuyaona mabaya ya mwanawe kuwa mengi zaidi, na mama anayeitwa shuleni kila wiki kusikia malalamiko ana sababu zote za kuchoka. Kauli mbili zinapopishana, pengo lenyewe ni sehemu ya ushahidi: linatuonyesha ni wapi mtoto anateseka bila mkubwa kuona, na ni wapi mkubwa anateseka akidhani anayeteseka ni mtoto. Kwa miaka 100 hatukuwa na pengo la kutazama, kwa sababu tulikuwa na kauli moja.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalisikia zaidi huku kwetu: haya ni mambo ya nchi zenye uwezo, sisi tuna madarasa ya watoto 80 na zaidi, tunahitaji kwanza madawati na vitabu. Madawati yanahitajika, hilo halina ubishi. Lakini historia yetu imekwenda njia ileile ya 1862 kwa hatua za karibu mno. Azimio la Musoma la 1974 lilielekeza Tanzania kwenye elimu ya msingi kwa wote, ikaanza kutekelezwa mwaka 1977. Ada za shule za msingi zikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 2003. Mlango ulifunguliwa, watoto wa kila aina wakaingia, na ndani wakakuta mtihani wa mchujo. Kenya iliwapima wahitimu wake wa darasa la nane kwa mtihani wa KCPE kuanzia 1985 hadi 2023, na mtoto akatoka na jumla ya alama ambayo kijiji kizima kiliijua kabla ya jioni. Aliyeshika mkia alipewa majina, na pengine viboko. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Kanuni za Tanzania bado zinaruhusu hadi viboko vinne. Kumchapa mtoto kwa kutosikiliza, ikiwa kusikiliza ndiko asikokuweza, ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake.

Ugonjwa wenyewe upo hapa, tena mwingine una chanzo tunachokijua. Ule uvimbe wa ubongo uliowabadilisha watoto wa miaka ya 1920 una ndugu yake katika malaria kali inayopanda kichwani. Watafiti wa Kampala waliwafuatilia watoto walionusurika, na baada ya miaka miwili takriban robo yao walikuwa na upungufu wa aina fulani katika uwezo wa akili, hasa katika umakini, wakati miongoni mwa watoto wa mitaa ileile walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Kilifi nako, watafiti wa Kenya wameona madhara yanayobaki katika lugha na tabia baada ya malaria kali. Mtoto anatoka hospitali akipewa pongezi kwa kupona, anarudi darasani, na mwaka unaofuata anaitwa kilaza. Upande wa kusoma, lugha yetu inaweza kulificha tatizo. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, mfano Kitaliano na Kijerumani, imeonekana kwamba wenye disleksia, yaani tatizo hilo la kusoma, hukosea maneno machache ila husoma polepole sana na kwa taabu. Kiswahili kinaandikwa vivyo hivyo. Mwanafunzi anayeburuta silabi lakini akafika salama hupita bila kutambuliwa, mpaka siku ya mtihani wenye saa ukutani.

Kwa hiyo gharama ya kuuliza isifanywe kisingizio. Maswali 23 yanasomwa kwa dakika chache, na wapo watu wa kuyasoma: Kenya ina vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984, vilivyoanzishwa kwa msaada wa Denmark, na Tanzania inawaandaa walimu wa elimu maalumu katika chuo cha Patandi, Arusha. Watendaji wanaonyesha dalili za kuchoshwa na mashindano: mapema mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na watahiniwa 10 bora, na Kenya imeifuta KCPE. Lakini ripoti ya mwisho wa muhula anayoipokea mzazi bado ina safu za masomo, nafasi darasani, na mstari wa tabia unaojazwa na mwalimu. Mstari wa mtoto mwenyewe haumo, na huo ndio ningeanza nao, usomwe kwa sauti na mtu asiyeshika fimbo, kabla alama hazijabandikwa ubaoni.